Dishi, Risiva na Waya wa Simu: Kinachohitajika Riyadh na Jeddah

Risiva ya setilaiti haihitaji laini ya simu ya mezani ili ionyeshe picha. Hilo halibadiliki kwa mpangaji wa chumba kimoja Batha mjini Riyadh wala kwa familia yenye ghorofa nzima kaskazini mwa Jeddah, na halibadiliki kwa chaneli za bure wala za kulipia. Hata hivyo swali haliishi, kwa sababu risiva nyingi za zamani zina tundu dogo la waya wa simu nyuma yake, na kwa sababu baadhi ya wauzaji huuza televisheni, simu na intaneti katika mkataba mmoja kana kwamba kimoja hakiendi bila kingine. Mgeni aliyefika Saudia juzi, ambaye iqama yake, yaani kibali cha ukaazi, bado ina wino mbichi, anaweza kujikuta amesaini mkataba wa laini ya simu ambayo hataitumia hata mara moja.

Picha husafiri upande mmoja tu. Kituo cha ardhini huirusha hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, nayo setilaiti huirudisha chini na kuieneza juu ya eneo kubwa la dunia. Chaneli nyingi zinazotazamwa Saudia hutoka kwenye setilaiti za Badr zilizo nyuzi 26 mashariki, ambazo ni za Arabsat, shirika lililoundwa 1976 na nchi za Jumuiya ya Kiarabu na lenye makao makuu Riyadh. Nyingine hutoka Nilesat ya Misri, nyuzi 7 magharibi. Dishi hukusanya mawimbi na kuyaelekeza kwenye kichwa kidogo kilicho mbele yake, ambacho mafundi hukiita LNB. Kichwa hicho huyashusha mawimbi ya gigahezi 10.7 hadi 12.75 kuwa ya masafa ya chini yanayoweza kupita kwenye waya, na waya huyafikisha kwenye risiva. Risiva haitumi chochote kwenda juu. Haina uwezo huo. Inasikiliza tu kama redio, na mrushaji hana njia ya kujua kama mtu wa Jeddah amewasha televisheni au amelala.

Tundu la simu basi lilitoka wapi? Lilitoka Marekani na Uingereza, na lilibuniwa kwa ajili ya hesabu za kampuni, si kwa ajili ya macho ya mtazamaji. DirecTV ilipoanza kuuza huduma Marekani mwaka 1994, mteja aliweza kununua filamu moja kwa kubonyeza rimoti. Ununuzi uliandikwa kwenye kadi iliyo ndani ya risiva, na baadaye modemu ndogo ya risiva ilipiga simu yenyewe, aghalabu usiku, kuipa kampuni taarifa ya kilichonunuliwa. Bila waya wa simu filamu iliyokwisha nunuliwa ilionekana vizuri. Ila baada ya manunuzi kadhaa kadi ilikataa mengine mpaka itoe hesabu. Simu ilitumika pia kuhakikisha kwamba risiva zote zilizo chini ya mkataba mmoja zimo katika nyumba moja, ili mtu asilipie kifurushi kimoja na kumpelekea ndugu yake risiva ya pili mtaa mwingine. Vifurushi vya michezo vilivyokuwa na mipaka ya kimaeneo navyo vilitegemea simu kuthibitisha risiva ilipo.

Uingereza ilikuwa na hadithi yake. Sky ilipoanza huduma ya kidijitali Oktoba 1998, risiva zilitolewa kwa bei ya chini sana, baadaye bure kabisa, kwa masharti kwamba mteja aziache zimeunganishwa na simu kwa miezi 12. Gharama ya risiva ilitarajiwa kurudi kupitia ununuzi, michezo na huduma nyingine zilizopita kwenye waya huo. Mtu aliyechomoa waya hakupoteza picha. Alichovunja ni sharti la mkataba. Tofauti hiyo kati ya hitaji la mtambo na sharti la muuzaji ndiyo ufunguo wa suala zima, na inafaa kuikumbuka kila mara fundi au muuzaji anaposema kwamba kitu fulani ni lazima.

Ulimwengu wa Kiarabu ulishika njia nyingine tangu mwanzo. MBC ilianza kurusha matangazo kutoka London mwaka 1991, bure, kwa yeyote mwenye dishi. ART ya mfanyabiashara wa Kisaudi Saleh Kamel ilianzishwa 1993, Orbit ikaanza 1994 ikirusha kutoka Roma, na Showtime ikafuata 1996. Hizi za kulipia zilitaka kuuza katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, kila nchi ikiwa na shirika lake la simu, na wateja wao wengi wakiwa wageni wasio na laini kwa majina yao. Kutegemea simu kungewafukuza wanunuzi. Saudia kwenyewe, serikali ilipiga marufuku madishi mwaka 1994, lakini marufuku hiyo haikutekelezwa kwa nguvu na mapaa yaliendelea kujaa madishi. Ni vigumu kuwazia mtu akiunganisha kifaa kilichopigwa marufuku na waya wa simu ya serikali. Kampuni ya simu ya STC yenyewe ilizaliwa baadaye, mwaka 1998. Kwa hiyo malipo yalifanywa dukani au kwa wakala, na kadi ndiyo iliyobeba haki ya kutazama. Orbit na Showtime ziliungana 2009 kuwa OSN. Chaneli za michezo za ART zilinunuliwa mwaka huohuo na Al Jazeera, na ndizo zilizokuja kuwa sehemu ya beIN ya Qatar.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaujua mfumo huu kwa uzoefu, hata kama hawakuwahi kuutafakari. Mtu wa Tanga hulipia king'amuzi chake kwa simu ya mkononi, na baada ya dakika chache chaneli hufunguka bila waya wowote kupita kati ya simu na king'amuzi. Malipo huingia kwenye kompyuta ya kampuni, kompyuta huandika ujumbe wenye namba ya kadi ile, na ujumbe hurushwa kwenda kwenye setilaiti pamoja na picha. Ving'amuzi vyote vinaupokea, lakini kimoja tu chenye namba hiyo ndicho kinachoutii. OSN na beIN hufanya vivyo hivyo Riyadh.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kufanya pale kadi iliyolipiwa inapokataa si kutafuta laini. Risiva iwe imewashwa na umeme, isiwe imezimwa ukutani, na iachwe kwenye mojawapo ya chaneli za kampuni husika, kwa sababu ujumbe wa kufungua hurushwa mara kwa mara kwa muda maalumu na hupokelewa na risiva inayosikiliza tu. Mtu aliyesafiri likizo kwenda Mombasa kwa miezi miwili, akazima kila kitu, atakuta kadi yake imesahau haki zake. Kuiacha risiva imewashwa kwa saa kadhaa mara nyingi hutosha, na isipotosha, anapiga simu kwa kampuni na kuomba ujumbe urushwe upya. Namba ya kadi na namba ya risiva ziwe mkononi kabla ya kupiga. Marekebisho ya programu ya risiva nayo hushuka kutoka juu kwa njia hiyohiyo.

Njia ya kurudi, yaani ile iliyokuwa kazi ya waya wa simu, sasa imehamia kwenye intaneti. Risiva mpya zina tundu la waya wa mtandao au uwezo wa waifai, na kupitia hapo mteja hupata filamu za kuchagua mwenyewe, vipindi vilivyopita na huduma nyingine ambazo setilaiti haiwezi kuzitoa kwa mtu mmoja mmoja. Hata hapa hitaji ni intaneti, si laini ya mezani. Ruta ya 5G yenye laini ya data ya stc, Mobily au Zain hufanya kazi hiyo, na kwa matumizi madogo hata simu ya mkononi inayogawa waifai hutosha. Chaneli za kawaida za kifurushi huendelea kuonekana bila intaneti kabisa.

Kuna huduma moja inayochanganya watu, na inastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kusaini. Kampuni za simu huuza televisheni inayopita kwenye mkonga wa intaneti wa nyumbani. Kisanduku chake hufanana na risiva, rimoti yake hufanana, na chaneli nyingi ni zilezile, lakini hiyo si televisheni ya setilaiti. Haina dishi, na mkonga ukikatika picha inakatika. Kwa huduma hiyo laini inahitajika kweli. Njia nyepesi ya kutofautisha ni kugeuza kisanduku na kutazama nyuma: risiva ya setilaiti ina tundu la mviringo lenye hesi, la kufungia waya wa dishi. Kisanduku kisicho na tundu hilo hakitafanya lolote na dishi la paani, hata muuzaji aape vipi.

Lugha ya Kiswahili ndiyo inayobadilisha hesabu kwa wengi. Madishi yaliyoelekezwa Badr na Nilesat yanaleta Qurani kutoka Makkah saa zote, chaneli ya Sunna kutoka Madina, MBC, habari za Kiarabu na mpira, karibu vyote bila malipo. Hayailetei kaya ya Waswahili taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Wengine hufikiria kubeba king'amuzi cha Azam au DStv kwenye sanduku la safari, na hao ndio wanaohitaji ushauri mapema zaidi, kabla ya kupima mizigo. Huduma hizo huuzwa kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara na mawimbi yake yameelekezwa huko. Mkataba wa Tanzania au Kenya haukuandikwa kwa ajili ya Jeddah. Anayetoka Uingereza na kisanduku cha Sky naye yuko palepale, kwa sababu mawimbi ya Sky yamelengwa visiwa vya Uingereza. Tundu la simu nyuma ya kisanduku hicho lisimpe matumaini: laini ya Riyadh haiwezi kuleta mawimbi yasiyofika Riyadh.

Kiswahili hufika kwa intaneti. Citizen TV, NTV na KTN za Kenya hurusha matangazo moja kwa moja YouTube, BBC na DW huweka taarifa zao za Kiswahili huko, na AzamTV Max ni programu ya simu na televisheni, ingawa haki za matangazo zinaweza kuifunga mechi fulani nje ya Tanzania. Saa moja ya picha ya kawaida hula takriban gigabaiti moja, na ya ubora wa juu gigabaiti mbili hadi tatu. Kwa hiyo riyali ambazo mtu alitaka kuzitumia kwa laini ya mezani na kifurushi kikubwa cha dishi humfaa zaidi zikiwekwa kwenye data, huku dishi likibaki kwa chaneli za bure. Huo ndio mpangilio unaofaa kaya nyingi za Waswahili, na ni nadra dukani mtu kuupendekeza, maana hauna faida kubwa kwa muuzaji.

Zamani laini ya mezani ilikuwa na kazi nyingine, kupiga simu nyumbani kwa kadi za dakika. Saudia iliporuhusu simu za intaneti Septemba 2017, sababu hiyo nayo ilikonda. Leo jamaa wa Kisumu au Unguja hupigiwa kwa programu ya imo au nyingine ya aina hiyo, juu ya data ileile inayoleta taarifa ya habari.

Pamoja na visanduku halali kuna vile vya mtaani vinavyoahidi kila kifurushi duniani kwa malipo ya mara moja kwa mwaka. Hivi huhitaji intaneti daima, kwa sababu funguo za chaneli za kulipia, au picha yenyewe, huibwa mahali pengine na kupitishwa mtandaoni. Saudia imeyaona hayo kwa ukubwa usio wa kawaida. Kuanzia 2017, beIN ilipozuiwa nchini wakati wa mgogoro na Qatar, huduma ya wizi iliyojiita beoutQ ilisambaza mechi zake hadi 2019. Jopo la Shirika la Biashara Duniani lilitoa uamuzi kuhusu suala hilo Juni 2020, na beIN iliruhusiwa tena Oktoba 2021.  Mamlaka ya haki miliki ya Saudia hufuatilia biashara hii, na mgeni anayeishi kwa iqama ana mengi ya kupoteza kwa ajili ya mpira wa Jumapili.

Picha inapokatika, sababu karibu kila mara iko paani. Riyadh ni mji wa bahati kwa anayetafuta mwelekeo, kwa kuwa kila mkazi anajua kibla: Badr iko nyuzi kama 22 kushoto mwa kibla, imeinuka nyuzi 53 angani, na Nilesat iko nyuzi kama 9 kulia mwa kibla, lakini chini, nyuzi 25 tu juu ya upeo. Jengo la jirani lenye ghorofa tatu zaidi linaweza kuiziba Nilesat kabisa na kuiacha Badr bila dosari. Mtu anayepata MBC na kukosa chaneli za Misri aangalie upande huo kwanza. Jeddah mambo ni mepesi kidogo. Badr imeinuka nyuzi 61 kuelekea kusini-magharibi, na Nilesat nyuzi 33, upande wa baharini, ambako mara nyingi kuna uwazi. Kibla cha Jeddah hakisaidii, kwani Makkah iko mashariki na madishi yote yameipa mgongo.

Vumbi la Riyadh hukaa juu ya kichwa cha dishi, na baada ya dhoruba kitambaa chenye maji hurudisha chaneli ambazo fundi angetoza kuzirudisha. Joto la kiangazi hupasua plastiki ya waya uliolala juani; mpasuko ukiingiza maji ya mvua chache za baridi, waya umekwisha. Jeddah adui ni chumvi. Viunganishi vya shaba hafifu huota kutu ya kijani ndani ya msimu mmoja, hasa mitaa iliyo karibu na Corniche, yaani ufukweni, kwa hiyo kiunganishi cha nje kizungushiwe mpira wa kuzuia maji tangu siku ya kwanza. Kugawa waya mmoja kwa televisheni mbili kwa kigawanyi cha bei rahisi ni kosa lingine la kila siku. Risiva huchagua upande wa mawimbi kwa kupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB, na risiva mbili zikivutana juu ya waya mmoja, nusu ya chaneli hupotea kwenye mojawapo. Dawa ni LNB yenye matundu mawili au zaidi na waya wake kwa kila chumba.

Yapo pia makatizo yasiyo na fundi. Kati ya mwanzo na katikati ya Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita nyuma ya Badr kati ya saa saba na saa nane mchana na kelele zake huizima picha kwa dakika chache, siku kadhaa mfululizo. Hurudi yenyewe.

Majengo ya kupanga yana desturi zake. Dishi mara nyingi ni la jengo zima na ufunguo wa paa uko kwa harisi, mlinzi wa jengo, ambaye anamjua fundi mmoja na hampendi mwingine. Ni busara kuuliza kabla ya kulipa kodi kama chumba kina waya wa dishi unaofanya kazi, na kuujaribu kwa risiva ndogo ya bei rahisi. Kufunga dishi barazani bila ruhusa ni kujitafutia ugomvi, na manispaa zimekuwa zikivichukia vifaa vinavyoning'inia upande wa barabarani. Mfanyakazi anayeishi kwa mwajiri wake (kafili) hana la kufunga: dishi lipo tayari, na anachohitaji ni waya hadi chumbani kwake, kwa idhini ya wenye nyumba, au simu na data.

Kama mtu ameamua kuchukua mkonga au laini hata hivyo, kwa sababu nyingine, mkataba usomwe kwa mambo matatu: muda wake, gharama ya kuuvunja mapema, na kama unaweza kuhamishwa akibadili nyumba. Laini hufungwa kwenye jengo na mkataba huandikwa kwa namba ya iqama ya aliyesaini. Chumba kikirithiwa na mwenzake, bili inabaki kwa jina la aliyeondoka mpaka aifunge rasmi na kupewa uthibitisho, na kazi hiyo ifanyike kabla ya viza ya kuondoka moja kwa moja, wakati simu yake ya Saudia bado inapokea ujumbe. Data ya kulipia kabla haina shida hiyo: ikiisha imeisha.